Kupima ubora wa tiba shufaa ya nyumbani

Dada, kituo cha tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito) kinachomfaa mzee wenu utakijua kwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, si kwa jengo. Uliza kama ipo leo na kama huwa inakatika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuitoa kwa mdomo na kwa saa: ile ya maji kila baada ya saa 4, si kungoja mpaka mgonjwa alie, pamoja na dozi ya ziada maumivu yakichomoza katikati. Wakikupa bila dawa ya kulainisha choo, nina shaka nao sana. Mofini hufunga choo, na wagonjwa wengi huikataa kwa sababu hiyo tu. Figo zikiwa dhaifu, dozi ipunguzwe au muda kati ya dozi urefushwe.

Halafu, saa 8 usiku nani hupokea simu? Malindi mjini muuguzi atapata tuktuk. Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ni boti, na kusi ikivuma huenda asifike, kwa hiyo waache dawa za kutosha na wamfundishe anayeuguza kupima kwa sirinji.