Nataka kuwa bingwa wa jenetiki ya watoto, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa nne wa udaktari, Mwanza. Navutiwa na magonjwa ya kurithi kwa watoto. Nipite njia gani? Na je, nitaishia kufungiwa maabara?

Jibu: Marahaba. Nianze na la maabara, maana ndilo linalowatisha wengi. Maabara ina wataalamu wake. Wewe utakuwa kliniki na mtoto, mama yake, tepu ya kupimia na karatasi ya kuchorea ukoo.

Karatasi hiyo ina mitego. Mama atakuambia kaka yake naye ana mtoto kama huyu. Ukichimba, kumbe "kaka" ni mtoto wa baba mkubwa. Nyumbani hakuna tofauti, lakini kwenye vinasaba ipo: ndugu wa baba mmoja mama mmoja huchangia wastani wa nusu, mtoto wa baba mkubwa thumuni tu. Kwa hiyo uliza bila haya: baba mmoja, mama mmoja? Mimba ngapi ziliharibika? Wazazi wenyewe ni mabinamu?

Halafu kuna kuelewa majibu. Chukua mtoto mwenye Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba). Wengi, kama 95 kwa 100, wana kromosomu ya 21 ya tatu inayojitegemea, na mama akiwa kijana, uwezekano wa kupata mwingine ni karibu 1 kwa 100. Wachache, ile ya ziada imejishikiza kwenye nyingine, mara nyingi ya 14. Ikiwa mama ndiye aliyebeba muunganiko huo, uwezekano unapanda hadi 10 au 15 kwa 100. Kwa sura huwezi kuwatofautisha watoto hao. Ndiyo maana hatumalizi kwa kusema "ni Down" na kuwaruhusu waende.

Sasa njia. Shahada miaka 5, utarajali mwaka 1. Hapo mimi ningekushauri usome kwanza MMed (shahada ya ubingwa) ya watoto, miaka 3, ingawa Afrika Kusini jenetiki ni ubingwa unaojitegemea wa miaka 4 na hawalazimishi uanzie kwa watoto. Ukirudi, wadi ya watoto ndiyo itakayokuajiri, na kazi utaikuta: Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka. Kabla ya kuomba Afrika Kusini tafuta mfadhili, kwani mgeni mara nyingi husoma bila mshahara wa hospitali inayomfundisha. Marekani ipo programu ya miaka 4 inayounganisha watoto na jenetiki, ila lazima ufaulu USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huko.

Jiandae pia na mtaa. Ukitaja kazi yako utaulizwa kama unaweza kupima mtoto ni wa nani. Waelekeze kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa sasa, ukiwa wadi ya watoto, chagua mgonjwa mmoja kila wiki umchoree ukoo wa vizazi vitatu, kisha umwombe bingwa wako aukosoe.