Usimpeleke mama kwenye semina ile ya Jumamosi

Usimpeleke. Ndugu wa Kadutu, Bukavu, nimesoma swali lako kuhusu mama yako aliyeumizwa na vita hadi pale unaposema kwamba shangazi yako ameshaandikisha jina la mama kwenye semina ya siku moja, ambako kila aliyeumizwa na vita atasimama mbele ya ukumbi na kueleza yote aliyoyaona "ili yamtoke", na tangu hapo nimeshindwa kuendelea na kazi yangu. Umeuliza pia kuhusu aina za tiba, gharama, vidonge vya usingizi anavyonunuliwa famasini, na namna ya kuwafanya ndugu zako wa Lubumbashi wachangie. Ninaanza na semina kwa sababu ndiyo itakayomharibia mama kabla hayo mengine hayajapata nafasi.

Mdogo wangu wa kike alikuwa Goma mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipokuwa ukipiganiwa. Kombora lilianguka katika ua wa jirani, na yeye ndiye aliyefika pale wa kwanza. Sitaandika hapa alichokikuta. Baada ya hapo usingizi ulimpotea, akawa anashtuka kila lango la bati linapogongwa, na akaacha kwenda Birere kuuza vitenge vyake. Hata hivyo alikuwa anapika, anamsuka binti yake nywele, na jioni anakaa nasi na kuzungumza. Alikuwa ameumia, lakini alikuwa bado yuko nasi.

Ndipo akaja bwana mmoja mwenye cheti cha mafunzo ya siku chache, akatuambia kwamba uchungu usiposemwa wote kwa mara moja huoza ndani ya mtu na kumletea wazimu. Alizungumza vizuri, tena kwa uhakika ambao daktari wa kweli huwa hana, nasi tulikuwa tumechoka. Mdogo wangu alikataa mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyemshawishi, nikamshika mkono hadi ukumbini.

Nilikaa nyuma yake, kwa hiyo niliona mikono yake. Kadiri alivyokaribia saa ile ya kombora ndivyo alivyozidi kusokota pindo la kitenge chake, mpaka mshono ukafumuka, na sauti ikawa haitoki tena. Mtu mwenye kuijua kazi hii angemsimamisha hapo. Bwana yule alimsogezea maikrofoni karibu zaidi na kumuuliza: "Halafu uliona nini?" Akaeleza. Ukumbi ukalia, watu wakapiga makofi, akaitwa mwingine. Jioni ile mwenye semina alikwenda zake katika mji mwingine, na simu yake haikupatikana tena.

Usiku huohuo mdogo wangu hakujua yuko katika nyumba gani. Alianza kulala chini ya kitanda, akimvuta mtoto aingie pamoja naye, na mtoto akaanza kuogopa giza ambalo hakuwa akiliogopa hapo kwanza. Nywele za binti ikabidi zisukwe na jirani. Mimi hakunisemesha kwa muda mrefu, kwa kuwa ni mimi niliyempeleka. Tena waliokuwa ukumbini hawakuapishwa kutunza siri ya mtu: mambo aliyoyasema akilia yalifika sokoni kabla yake, na aliporudi Birere wanawake walinyamaza alipokuwa anapita. Hasara hiyo ya mwisho hakuna tiba inayoirudisha, ndugu yangu, na mama yako anaishi Kadutu, ambako nyumba zimeegemeana.

Kinachonikasirisha hadi leo ni kwamba ubaya wa jambo hili ulikuwa umejulikana zamani. Kuwakusanya watu mara moja baada ya janga ili wasimulie yaliyowapata ni utaratibu ulioenezwa na Jeffrey Mitchell wa Marekani katika miaka ya 1980, na aliukusudia kwa wazima moto na wahudumu wa dharura. Watafiti walipokuja kuwalinganisha watu waliosimulishwa katika kikao kimoja na wale ambao hawakusimulishwa, hawakuona kwamba kikao hicho kinazuia kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya janga, na baadhi ya waliosimulishwa walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri utaratibu huo usitumike. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 unasema wazi kwamba mtu asishinikizwe kusimulia. Anayekusanya ada za watu Kivu bila kulijua hilo hana haki ya kugusa moyo wa mtu.

Usinielewe kwamba mama anyamaze maisha yake yote. Kusimulia ni sehemu ya tiba nyingi zilizo bora, lakini kunakuja kwa zamu yake, mbele ya mtu ambaye atakuwepo wiki ijayo na ile inayofuata. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba hatua ya kwanza ya kupona ni usalama, na kukumbuka na kuomboleza kunafuata baadaye. Hapa kwetu Kivu kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wale waliopata tiba ya kuchunguza na kurekebisha mawazo yanayotokana na tukio walikutana kikundi kilekile kwa vikao 11, baada ya kikao kimoja cha faragha. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 yao walikuwa bado na dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, au wasiwasi mkubwa, wakati waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja walikuwa asilimia 42. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa hukuhuku, waliofundishwa na kusimamiwa. Kwa hiyo kikundi chenyewe si kosa. Kosa ni ukumbi wa siku moja.

Mdogo wangu alipompata msaidizi wa kweli, vikao vya mwanzo havikugusa Januari hata kidogo. Alifundishwa kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili na kutaja kwa sauti vitu anavyoviona, sufuria, mkeka, dirisha, mpaka akili irudi chumbani. Baadaye sana ndipo walipotandaza kamba sakafuni kama njia ya maisha yake, wakaweka juu yake mawe na maua, kila jiwe likiwa tukio baya na kila ua likiwa jambo jema, wakayapitia kwa mfuatano, na hakuruhusiwa kutoka kikaoni kabla pumzi yake haijatulia. Leo anauza vitenge tena. Lango likigongwa bado anageuka.

Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kumfungua mama kinywa, awe pasta, daktari au mgeni wa shirika, muulize kwanza: "Utamwona tena lini, wapi, na usiku akizidiwa tumpigie nani?" Asiyekuwa na jibu la siku, mahali na jina, asimguse. Hapo Bukavu anzeni na kituo cha SOSAME, ambacho kazi yake ni afya ya akili, au mwulizeni muuguzi wa kituo chenu cha afya awaelekeze. Vile vidonge asiviache ghafla, apelekwe navyo kwa daktari.

Mpigie shangazi usiku huu, kwa heshima, na umwombe aondoe jina. Akisema ada imeshalipwa, mwambie familia itaibeba hasara hiyo. Akisema watu wataona mama anadharau, mwambie mama ana homa. Halafu kesho umuulize mama mwenyewe, mkiwa wawili tu, kama alitaka kwenda.