Bibi harusi, hiyo "hina nyeusi" ya mchoraji wako ni piko

Bibi wee, simama hapo hapo. Umeuliza uchorwe maua makubwa ya Kiarabu au urembo mwembamba wa Kihindi, halafu katikati ukachomekea kwamba mchoraji ataweka "hina nyeusi ili ikolee haraka". Wenzangu wanakurushia picha za mikono. Mimi sijaona kingine zaidi ya hiyo hina nyeusi.

Hakuna hina nyeusi! Hina ni majani. Ukibandua unakuta rangi ya chungwa, na kesho yake au kesho kutwa ndiyo inageuka kahawia au damu ya mzee. Kinachotoa weusi wa lami kwa nusu saa ni piko, dawa ya nywele, yenye kemikali ya PPD. Soma boksi lake: vaa glavu, jaribu kidogo saa 48 kabla. Glavu! Na wewe unachorwa nayo hadi viwikoni.

Mimi nilipaka piko kila Idi tangu usichana, ndiyo maana sikusikia la mtu. Mwili huvumilia, huvumilia, siku moja unakataa. Siku yenyewe ikawa harusi ya dada yangu. Mchoraji aliapa yake ni ya asili, imetoka Sudan. Usiku nikaanza kuwashwa. Asubuhi kila ua limevimba, kila jani lina lengelenge, mchoro mzima ungeusoma kwa vidole gizani. Picha zote za harusi nimekumbatia mkoba kuficha mikono, watu wakadhani mimi ndiye mweka hazina wa tunzo. Nilipompigia akaniambia nina damu chafu. Damu yangu chafu, dawa yake ya nywele safi! Na hela hakurudisha.

Kovu nimelizoea. Balaa ni kwamba mwili ukishaikataa PPD hausahau. Baadaye nikapaka rangi ya nywele, uso ukaumuka hadi macho yakafunga. Sasa mvi zangu naziita busara.

Na msiniletee "mbona mimi sijadhurika". Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Mwambie akuonyeshe unga kabla hajakugusa. Uwe wa kijani, unukie majani, auchanganye na limau mbele yako na kuulaza saa kadhaa. Unga ukiwa mweusi, au akitoa koni isiyoandikwa kilichomo, inuka uondoke. Paka siku mbili kabla ya harusi, rangi ipate muda wa kukolea. Akisema hana muda wa kusubiri hina, atafute bibi harusi mwingine. Maua chora hata ya boga.

Na kama kuna aliyepaka piko jana na sasa anasoma huku anajikuna: osha kwa sabuni na maji, nenda hospitali leo. Usipake dawa ya meno. Mimi nilipaka, nikaishia na malengelenge yanayonukia minti.