Mjusi asilale na shibe

Mwaka wa kwanza Babu alipolala ule usingizi wao wa wiki nyingi nilijua kashakufa. Babu ni pogona, wale mijusi wa asili ya Australia wenye miiba kidevuni kama ndevu, na siku hiyo nilimkuta kajibana kona ya baridi ya tanki nyuma ya gogo, macho kayafumba, mwili wa baridi kama sakafu. Nikamshika mguu wa nyuma nikauvuta kidogo. Ukarudi, taratibuuu, kama mtu anayejivutia shuka asubuhi. Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Ila kosa nilikuwa nimeshalifanya siku chache nyuma. Jamaa alikuwa amepunguza kula, saa kumi jioni yuko ndani ya pango lake wakati taa zote zinawaka, na mimi kwa huruma zangu nikamlisha nyenje kwa kibano, mmoja mmoja, hadi wanane, nikisema moyoni asilale njaa jamani. Halafu nikamzimia taa ya joto apumzike. Wiki iliyofuata tumbo likavimba, gumu ukiligusa, nikaishia kwa daktari wa wanyama ambaye swali lake la kwanza lilikuwa: amejisaidia lini mara ya mwisho? Sikujua. Aibu niliyoiona hapo ndo imenifanya niandike hii.

Manake mjusi hana joto lake mwenyewe, analiazima nje. Sisi ukila ukajifunika blanketi chakula kinasagwa tu, yeye pogona anataka sehemu ya kuota yenye nyuzi kama 38 hadi 42 ndo tumbo lifanye kazi, sasa ukimwondolea hilo joto na nyenje wanane wako ndani, hawasagwi, wanaoza humohumo. Kulala bila kula hakumuui mjusi mzima mwenye afya, kinachoua ni kile ulichomlisha kwa mapenzi dakika za mwisho.

Siku hizi nafanya hivi. Nikiona dalili za kutaka kulala, kwanza napeleka kinyesi kibichi kwa daktari kikapimwe minyoo na koksidia (vijidudu vya utumboni), kwa sababu mjusi anayetaka kulala na mjusi anayeumwa wanafanana kabisa, wote hawali, wote wamelegea, wote wanajificha, huwezi kuwatofautisha kwa macho tu, na mgonjwa ukimpoza kinga yake nayo inapoa. Aliyekonda simlazi. Mdogo wa chini ya mwaka mmoja naye simlazi, huyo unamwachia joto na taa zake kama kawaida. Na kama wako siyo wa jamii inayolala achana na haya yote, iguana wa kijani kwa mfano ni wa misitu ya joto, ukimpoza unamtafutia kaburi. Hata pogona wa ndani wengine hawalali miaka yote na hawapungukiwi kitu, usimlazimishe kwa kuwa umesikia wa mwenzio analala.

Vipimo vikiwa safi nasimamisha chakula wiki mbili nzima lakini taa ya joto inabaki vilevile, hapa ndo watu wengi wanachanganya, wanakata chakula na joto siku moja. Joto linabaki ili kilichomo tumboni kiishe. Nambembeleza na maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yafike mabegani tu yasizidi, dakika kama kumi na tano, na mara nyingi humohumo kwenye maji ndo anamaliza shughuli, unamwaga unasafisha na unashukuru.

Baada ya hapo naanza kupunguza mwanga, taa zilizokuwa zinawaka saa 12 kwa siku zinakuwa 10, kisha 8, nusu saa nusu saa kwenye taima kwa muda wa kama wiki mbili, na joto linashuka nalo polepole, hadi siku nazima kabisa. Akishalala nataka tanki liwe kati ya nyuzi 15 na 20, na kipimajoto nakiweka pale anapolala yeye, siyo juu kwenye kioo. Wadudu wote natoa, hata mmoja asibaki, nyenje mwenye njaa anamtafuna mjusi vidole akiwa usingizini na mjusi hana hata nguvu za kumkung'uta. Bakuli la maji linabaki.

Sasa usingizi wenyewe, wataalamu wanauita brumesheni, siyo wa mfululizo. Katikati anaweza kuamka, akazunguka, akanywa maji, akakutazama kama unamdai, akarudi kulala. Mpe maji, usimpe chakula. Ukishampa chakula umejifunga, inabidi uwashe joto lote hadi atoe.

Kila Jumapili naye anapanda mizani ya jikoni (ina kitaulo chake, msianze). Alilala na gramu 412. Wiki ya pili 410, ya nne 407, jicho moja anafumbua nusu, ananiona ni mimi, anafumba. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito aliolala nao, yaani kwa Babu akigusa 371, hakuna cha kusubiri, naamsha na naenda kwa daktari. Vilevile macho yakididimia, pua ikitoa makamasi, akipumua mdomo wazi au akiharisha, hiyo siyo usingizi tena.

Babu huwa analala kama wiki tisa. Wengine wiki tatu tu, wengine miezi mitatu. Akianza kutoka mwenyewe nje ya pango narudisha mwanga na joto kidogokidogo kwa wiki moja, na kabla ya hapo nimeshabadilisha balbu ya UVB (ile inayotoa miale kama ya jua) kama ni ya zamani, kwa sababu inaweza kuwaka vizuri kwa macho yetu kumbe ile miale imeshaisha nguvu. Kitu cha kwanza ni maji, beseni la uvuguvugu, anakunywa hadi unamhurumia. Akishaota joto kamili siku mbili tatu ndo anaonja majani, kisha mdudu mmoja, siyo wanane.

Mwaka huu siku ya sita baada ya kuamka nikampandisha kwenye mizani, ikasoma gramu 404, nikageuka kuchukua simu niandike, kugeuka tena Babu kashajisaidia kwenye kitaulo, katulia tu ananitazama. Nikaandika 404 vilevile.