Maswali ya Wasomaji: Mshahara Ukikoma, Tutaishije?

Barua tatu tunazozijibu katika toleo hili zimetoka kwa watu wa kazi tofauti, lakini zote zinauliza jambo moja: je, mtu anayeishi kwa kipato cha kawaida anaweza kumudu kustaafu?

Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori, nina umri wa miaka 46, na kwa miaka 16 sasa nimekuwa nikikatwa mchango wa hifadhi ya jamii katika kila mshahara. Mwaka jana mwenzetu mmoja alistaafu, tukamfanyia hafla ya kumuaga, akazawadiwa saa ya ukutani. Miezi michache baadaye nilimkuta langoni kwenye ghala ninakopakia mizigo, amevaa koti la mlinzi, anaandika namba za magari katika daftari. Aliniambia kwamba pensheni yake humwishia kabla ya katikati ya mwezi. Tangu hapo sina raha. Je, kustaafu ni kwa wakubwa tu? Na kama sisi pia tunaweza, fedha za kutosha ni kiasi gani?
*Dereva*

Jibu: Ndugu dereva, mfanyakazi wa kawaida anaweza kustaafu, lakini ni wachache mno wanaoweza kufanya hivyo kwa akiba yao wenyewe. Naliweka hili mbele kwa sababu watu wengi wa kipato chako huambiwa kwamba shida ya uzeeni hutokana na uzembe wa kutoweka akiba, wakaishi na aibu wasiyostahili, ilhali hesabu yenyewe inaonyesha jambo jingine.

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichapisha uchunguzi wake juu ya mwenendo wa hisa na hati fungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) za nchi hiyo kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba mstaafu aliyetoa asilimia 4 ya akiba yake katika mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, asingeishiwa katika kipindi cha miaka 30. Maana yake ni kwamba anayetaka kuishi kwa akiba peke yake anahitaji kuwa na matumizi ya mwaka mzima mara 25. Mtu ambaye mshahara wake huishia kwenye pango, chakula, nauli na karo hawezi kulimbikiza kiasi hicho hata angejinyima kila kitu. Kwa hiyo, ukisikia mtu akitaja kiasi kikubwa cha fedha kuwa ndicho sharti la kustaafu, fahamu kwamba anazungumzia kustaafu bila pensheni.

Sasa tuitazame pensheni. Tuseme wewe na mwajiri wako mnachangia kwa pamoja asilimia 20 ya mshahara wako, na fedha hizo zinakua kwa asilimia 3 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei. Baada ya miaka 30 zitakuwa zimefikia takriban mshahara wako wa miaka 9 na nusu. Ukizitoa kwa kiwango kile cha asilimia 4 utapata kama asilimia 38 ya mshahara uliouzoea. Linganisha na Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952, unaoweka asilimia 40 ya kipato cha awali kuwa kiwango cha chini cha pensheni ya uzeeni kwa mtu aliyechangia miaka 30. Huyo ni mtu ambaye hakukosa kazi hata siku moja, ambaye mwajiri wake hakuchelewesha michango hata mara moja, na bado anaahidiwa chini ya nusu ya alichokuwa akipata. Mwenzako wa langoni pengine hakukosea popote. Huenda alichangia miaka michache, au alistaafu akiwa bado analipa pango na mkopo.

Pensheni, hata hivyo, ina sifa moja ambayo akiba ya mtu binafsi haina, nayo ni kulipwa hadi siku ya kufa. Mfano unaojulikana sana ni wa Ida May Fuller, mwanamke aliyekuwa katibu katika ofisi ya mawakili, ambaye mwezi Januari 1940 alikuwa mtu wa kwanza nchini Marekani kupokea pensheni ya kila mwezi chini ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935. Hundi yake ya kwanza ilikuwa ya dola 22.54. Yeye mwenyewe alikuwa amechangia dola 24.75 tu, kwa kuwa makato yalianza miaka mitatu kabla hajastaafu. Aliishi hadi miaka 100, akafariki mwaka 1975 akiwa amelipwa zaidi ya dola 22,800. Hakuna mfuko unaoweza kumlipa kila mtu namna hiyo, maana yeye alikuwa wa kwanza na waliomfuata ndio waliomchangia. Lakini fikiria angekuwa na akiba yake tu: angejuaje, akiwa na miaka 65, kwamba alikuwa na miaka 35 mingine ya kula? Katika pensheni ya pamoja, michango ya wanaofariki mapema huwabeba wanaoishi muda mrefu, na hakuna mtu anayelazimika kubashiri umri wake.

Kwa hiyo nakushauri uache kuuliza unahitaji fedha kiasi gani kwa jumla, uulize kila mwezi kitaingia nini na kitatoka nini. Upande wa kinachoingia, una miaka 14 kufika miaka 60, na ukiifanya yote utakuwa umetimiza 30 ya kuchangia. Miaka hiyo ni mali, nawe unapaswa kuilinda. Kaombe taarifa ya michango yako kwenye mfuko, kaa nayo mezani pamoja na hati zako za mshahara, na uzilinganishe mwezi kwa mwezi: kila mwezi uliokatwa uonekane katika taarifa, kwa mshahara ule ule na jina lililoandikwa sawasawa. Wapo waajiri wanaokata na kutopeleka. Pengo likionekana leo, unaweza kulidai ukiwa bado kazini na mashahidi wapo. Likionekana siku ya kustaafu, huenda kampuni imekwisha kufungwa na nyaraka hazipo.

Upande wa kinachotoka, jambo kubwa kuliko yote ni makazi, na la pili ni madeni. Anayestaafu kwa asilimia 40 ya mshahara huku theluthi ya mshahara huo ikienda kwenye pango hawezi kuishi, na hakuna hila ya bajeti itakayomwokoa. Anayestaafu kwa asilimia hiyo hiyo akiwa na mahali pake pa kulala, hana mkopo, na watoto wake wamemaliza shule, anaweza kuishi kwa kubana lakini kwa heshima. Ukipata nyongeza yoyote katika miaka hii 14, ielekeze huko kwanza, hata kabla ya kufikiria kununua hisa.

Ipo sehemu ya swali lako ambayo haimo mikononi mwako, nayo ni umri wa kustaafu. Ujerumani ilipopitisha sheria yake ya pensheni mwaka 1889, umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na uliteremshwa hadi 65 mwaka 1916. Uingereza nayo ilianza na miaka 70 katika sheria ya mwaka 1908. Leo mwelekeo umegeuka: mwaka 2025 bunge la Denmark lilipitisha sheria ya kufikisha umri huo miaka 70 ifikapo 2040. Hoja inayotolewa ni kwamba watu wanaishi muda mrefu zaidi, na ni hoja ya kweli. Lakini mgongo wa mtu aliyepakia mizigo na kuendesha lori usiku kwa miaka 30 haufanani na wa mtu aliyekaa kitini, na umri mmoja kwa wote humwangukia yule ambaye mwili wake umechakaa mapema. Chama chenu cha wafanyakazi kinapojadiliana na mwajiri kuhusu nyongeza ya mshahara, jadilianeni pia kuhusu kiwango cha mchango wake na kuhusu kazi nyepesi kwa waliokaribia kustaafu. Haya hayapatikani kwa mtu mmoja mmoja.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38, sina mwajiri wala hati ya mshahara. Kuna miezi ya kazi nyingi na kuna miezi ninayokaa tu. Kila ushauri ninaousoma unasema "weka asilimia fulani ya mshahara wako". Mimi mshahara sina. Nitastaafu vipi?
*Mama Fundi*

Jibu: Mama, umesema kweli, na ushauri mwingi unaotolewa huwasahau watu wa aina yako, ambao katika nchi nyingi ndio walio wengi.

Chile ilijaribu tangu mwaka 1981 kumwachia kila mfanyakazi akaunti yake binafsi ya pensheni, ambamo yeye mwenyewe aliweka asilimia 10 ya mshahara bila mchango wa mwajiri. Waliokuwa na kazi za kudumu walipata kitu, lakini waliochangia kwa vipindi vipindi, wakiwamo wanawake wengi na waliojiajiri, walifika uzeeni na akaunti zenye fedha kidogo sana. Mwaka 2008 serikali ililazimika kuongeza pensheni inayolipwa kutoka kwenye kodi kwa walio maskini zaidi, na mwaka 2022 ikaipanua. Mwaka huo huo wa 2008 Bolivia ilianza kuwalipa malipo ya uzeeni raia wake wote waliofikia miaka 60, wawe walichangia au hawakuchangia. Naamini kabisa kwamba hiyo ndiyo njia inayowafaa watu wa kipato kisicho na uhakika. Mtu aliyewashonea watu nguo maisha yake yote ameijenga nchi sawa na mwenye hati ya mshahara.

Kabla hayo hayajawa haki ya kila mahali, fanya hivi. Mchango wako usiufunge kwenye mwezi. Ufunge kwenye kazi. Kila nguo inayolipwa, toa sehemu yake siku hiyo hiyo kabla fedha haijachanganyika na ya nyumbani, hata ikiwa ndogo. Mwezi usio na kazi hutakuwa na deni la kujilaumu, na mwezi wa kazi nyingi utaweka zaidi bila kupanga upya. Fedha za mwanzo zisiende kwenye uzee. Ziwe za dharura, angalau matumizi ya miezi mitatu, kwa sababu asiye na akiba ya dharura huishia kuvunja akiba ya uzee mtoto anapougua. Baada ya hapo jiunge na mfuko unaopokea wachangiaji wa hiari, ukiuliza kwanza masharti ya kuchelewesha mchango na gharama za uendeshaji wanazokata.

Usingoje biashara itengemae kwanza. Anayeweka sehemu moja ya kumi ya kipato chake kuanzia miaka 38 hadi 60, kwa ukuaji ule ule wa asilimia 3, hufikisha takriban kipato cha miaka 3. Akianza akiwa na miaka 48, hufikisha kipato cha kama miezi 17 tu. Kipato cha miaka 3 hakimlishi mtu maisha yake yote, sitakuficha. Kinachowezekana kwa fundi, na ambacho mwajiriwa hana, ni kupunguza kazi hatua kwa hatua: kuwa na mwanafunzi anayeshona wakati wewe unakata na kupokea wateja, ili akiba iwe inajazia pengo la kipato badala ya kukibeba chote.

Ndugu Mhariri, nimebakiza miaka miwili nistaafu ualimu. Naweza kuchagua mkupuo mkubwa, yaani fedha zinazolipwa mara moja ninapostaafu, na pensheni ndogo ya kila mwezi, au mkupuo mdogo na pensheni kubwa. Mpwa wangu ananishauri nichukue mkupuo mkubwa tufungue biashara ya usafirishaji. Unasemaje?
*Mwalimu*

Jibu: Mwalimu, chagua pensheni kubwa, isipokuwa kama una ugonjwa mzito au una deni lenye riba kali ambalo mkupuo mdogo hauwezi kulimaliza. Biashara ya usafirishaji ni kazi ya watu wanaoijua, na gari moja likiharibika linaweza kumeza miaka yako yote ya utumishi. Kama mpwa wako anaiamini biashara hiyo, aianze kwa mtaji anaoweza kuukopa kwa jina lake.

Kabla hujatia saini, hata hivyo, uliza mambo mawili na upewe majibu kwa maandishi. La kwanza ni kama pensheni hupandishwa bei za vitu zinapopanda. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, bei huongezeka maradufu katika miaka 12, na pensheni isiyopandishwa itakuwa na nguvu ya nusu tu wakati huo. Baada ya miaka 20 itanunua chini ya theluthi ya inachonunua leo. Ikiwa haipandishwi, tenga sehemu ya mkupuo ule mdogo katika hati fungani za serikali, usiiguse kwa miaka kumi ya kwanza. La pili ni kama mwenzi wako ataendelea kulipwa ukitangulia wewe, kwa kiasi gani na kwa muda gani, maana fomu nyingine humtaka mstaafu amwandikishe mwenzi wake mapema, na asiyeandikishwa hupata shida kubwa kuthibitisha haki yake. Una miaka miwili. Fomu hiyo iombe sasa.