Muuguzi "aliyeshtakiwa": mizigo ya neno "charge"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya tafsiri hapa Mombasa, zaidi hati za watu binafsi. Juzi mteja aliniletea faili la shangazi yake: karatasi za hospitali, karatasi za kesi ya kijana wake, na barua ya benki kuhusu shamba. Karibu kila ukurasa una "charge" au "discharge". Penye "the nurse in charge" nikaandika "muuguzi aliyeshtakiwa", mteja akacheka mpaka akakaa chini. Kamusi yangu ina maana zaidi ya ishirini. Je, hakuna neno moja la Kiswahili la kushika? Na hii hati ya benki iitwayo "Discharge of Charge", niiandikeje?

JIBU: Marahaba. Mwambie mteja wako asicheke sana, maana kosa hilo tumelifanya wengi, na langu lilikuwa baya kuliko lako. Nitakusimulia.

Neno moja la kushika hakuna. Ukilitafuta utazidi kupotea. Ila picha moja ipo, nayo inatosha kukuongoza kwenye maana nyingi kati ya hizo ishirini. Neno hili lilianzia kwenye Kilatini cha watu wa kawaida, "carricare", yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa, kutokana na "carrus", gari lenyewe. Wafaransa wakalifanya "charger", na baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 likavuka bahari pamoja na maneno mengine chungu nzima ya Kifaransa. Nduguze ni "car", na "cargo" iliyopitia Kihispania, yaani shehena. Hata "caricature" ni ya ukoo huo kupitia Kiitaliano: mchoro uliopakiwa kupita kiasi, pua ikarefushwa, tumbo likajazwa.

Sasa sahau gari, fikiria kichwa na mzigo. Sisi tuna kutwika na kutua. "Charge" ni kutwika, "discharge" ni kutua. Ukikutana na neno hilo usikimbilie kamusi kwanza. Jiulize nani anamtwika nani, na mzigo wenyewe ni nini. Mzigo ukiwa ni kazi, mtu anasimamia. Ukiwa ni lawama, anashtakiwa. Ukiwa ni bei, anatozwa. Ukiwa ni baruti, bunduki inajazwa. Ukiwa ni deni lililowekwa juu ya shamba, shamba limewekwa rehani.

Tuanze na muuguzi wako. Yeye ametwikwa wodi, basi ni muuguzi msimamizi, au muuguzi wa zamu kama muktadha unasema hivyo. Hospitalini kwetu Tanzania wenyewe humwita "inchaji", na mgonjwa yeyote atakuelewa, ingawa kwenye hati rasmi mimi siandiki hivyo. Lakini hapa kuna mtego ambao kamusi nyingi hazikuonyeshi. "The nurse in charge of the child" ni muuguzi anayemwangalia mtoto. Ongeza kijineno kimoja, "in the charge of", mambo yanageuka: "the child in the charge of the nurse" ni mtoto aliye chini ya uangalizi wa muuguzi. "The" moja tu inaamua nani yuko juu na nani yuko chini. Na ukisoma kwamba mwalimu fulani alifika "with her charges", usidhani alikuja na kesi zake. Alikuja na watoto anaowalea au kuwafundisha.

Msimamizi si lazima awe mtendaji. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamgusa mlevi anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha, na pia yule aliye "in charge" ya gari barabarani. Ukiandika "anayeendesha" kote, umefuta kosa zima kwenye sheria. Andika "mwenye dhamana ya gari" au "aliye na usimamizi wa gari".

Kwenye karatasi hizo hizo za hospitali utaona "discharge" mara mbili kwa maana zisizofanana hata kidogo. Mgonjwa "discharged" ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mtaani watu wanasema "amedischajiwa", wewe andika "ameruhusiwa", na "discharge summary" iwe muhtasari wa matibabu wakati wa kuruhusiwa. Kidonda chenye "discharge" kinatoa usaha au majimaji, na hapo soma sentensi nzima kabla ya kuchagua, maana si kila majimaji ni usaha. Niliwahi kuona mstari wa daktari: "wound clean, no discharge on discharge". Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba mgonjwa hakuruhusiwa siku aliyoruhusiwa. Daktari alisema tu kwamba alipokuwa anaruhusiwa, kidonda kilikuwa kisafi na hakitoi majimaji.

Kwa karatasi za kesi nenda polepole, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuumizwa na kalamu yako. Aliyekamatwa bado hajawa "charged". Polisi wakimshuku ni mtuhumiwa, au mshukiwa kama mnavyosema zaidi Kenya. Akifikishwa mahakamani akasomewa mashtaka, ndipo anakuwa mshtakiwa. "Charge sheet" ni hati ya mashtaka, na kila "count" ndani yake ni shtaka la kwanza, la pili, na kuendelea. "Trumped-up charges" tunayo tafsiri tamu kuliko asili: kubambikiwa kesi. Kwenye kesi ya madai, ya mtu kumdai mtu, usilete mshtakiwa kabisa. Huyo ni mdaiwa, na "charge" haimhusu.

Sasa kosa langu. Miaka hiyo nikiwa kijana nilikuwa nikimsaidia mkalimani katika mahakama moja mjini. Hakimu akatamka kwamba mshtakiwa ni "discharged". Nikageuka kwa ndugu zake nikasema kwa furaha, "Ameachiwa huru!" Mama yake akapiga vigelegele. Hawakufika hata getini, kijana akakamatwa tena kwa kesi ile ile. Yule mama alinitazama, na jicho lile sijalisahau. "Discharged" haikuwa "acquitted", yaani kuonekana hana hatia. Kwenye Kanuni ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai ya Kenya, Sura ya 75, tofauti hii imo kwenye kifungu cha 87. Kwa aya ya (a), upande wa mashtaka ukiondoa kesi kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, anaachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Kwa aya ya (b), ukiiondoa baada ya hapo, anaachiliwa kwa kuonekana hana hatia, na kesi hiyo haimrudii. Tanzania nayo inatenganisha mambo haya mawili. Kwa hiyo angalia kama karatasi ya kijana imeandikwa 87(a). Kama ndiyo, andika "ameachiliwa baada ya mashtaka kuondolewa", kisha ongeza "bila kuzuia kushtakiwa tena". Neno "huru" liweke mbali.

Pesa hazina shida kubwa, isipokuwa Kiswahili kina majina mengi kuliko Kiingereza katika jambo hili. "Bank charges" ni makato. Ya gari ni nauli, ya shule ni karo kwenu na ada kwetu, na serikali ikitoza ni ushuru, kodi au tozo. Tangu Julai 2021, Tanzania ilipoanza kukata miamala ya simu, ukisema "tozo" kwetu watu wanakunja uso kabla hujamaliza sentensi. "Free of charge" ni bure, basi. Mgeni hotelini akisema "charge it to my room" hataki kuchaji chochote chumbani. Anataka chakula kiandikwe kwenye bili ya chumba.

Umeme ulitwikwa neno hili na wanasayansi wa miaka ya 1740, Benjamin Franklin akiwa mmoja wao. Walikuwa wakijaza umeme kwenye mitungi ya Leyden, yaani mitungi ya kioo ya kuhifadhi umeme, kama askari anavyojaza baruti, na lugha ya mizinga ikawakaa mdomoni. Hata "battery" Franklin aliichukua kwenye safu ya mizinga kuita mitungi iliyounganishwa pamoja. Maana ya farasi na askari kukimbilia adui, kama wapanda farasi wa Uingereza huko Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854, nayo mara nyingi huelezwa kuwa imetokana na kuweka silaha tayari. Hiyo ni kushambulia kwa kasi, na sidhani utaikuta kwenye faili la shangazi.

Sisi tukachukua "chaji" kutoka kwao tukaifanya yetu: simu imeisha chaji, naomba chaja, wanachaji shilingi ngapi. Kwa fizikia, chaji chanya na chaji hasi ni istilahi halali, itumie bila woga. Kwa bei, katika hati rasmi, andika toza. Kijana wa Nairobi akikwambia "amechajiwa", muulize kwanza kama ametozwa au ameshtakiwa, maana hapo anaweza kumaanisha lolote kati ya hayo mawili.

Imebaki benki. Katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, "charge" ni haki anayopewa mkopeshaji juu ya ardhi ili kulinda mkopo. Jina la ardhi linabaki kwa mwenyewe, lakini ardhi imetwikwa deni, na deni lisipolipwa benki inaweza kuiuza kwa kufuata utaratibu wa sheria. Kiswahili chake ni rehani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inatumia "mortgage" mahali hapo, nasi tunaiita rehani vile vile, kwa hiyo ukikutana na maneno hayo mawili katika hati za nchi hizi mbili usihangaike kutafuta majina tofauti. Mwenye shamba, "chargor", ni mweka rehani. Benki, "chargee", ni mshika rehani.

Basi kichwa cha hati hiyo kiandike "Hati ya Kuondoa Rehani". Shangazi amemaliza deni, na shamba limetuliwa mzigo. Mkumbushe mteja wako kwamba karatasi hiyo ikikaa kabatini haitoshi. Lazima ipelekwe ofisi ya ardhi isajiliwe, la sivyo mtu akitafuta rekodi za shamba atakuta bado lina rehani.