Ayie ililetwa, ng'ombe hawakufika: nina haki kwenye nyumba ya Mamboleo?

SWALI: Wakili, salamu. Nimeishi na baba ya watoto wangu hapa Kisumu tangu 2016. Tuna watoto 2, wa miaka 8 na 5. Ploti ya Mamboleo iko kwa jina lake, lakini mawe na mabati nililipa mimi, kwa mkopo wa chama, kikundi chetu cha akiba, na faida ya mitumba ninayouza soko la Kibuye. Mwezi uliopita alibadilisha kufuli. Anasema hatukuoana, nichukue watoto niende, hana deni nami. Ndugu zake walimletea mama yangu ayie, ile pesa ya Kijaluo anayopewa mama wa binti ishara ya kukubaliana, shilingi 20,000 mwaka 2018, ng'ombe wa mahari hawajafika hadi leo. Nina haki gani? – Mama Watoto, Nyalenda

JIBU: Dada, pole sana kwa kufungiwa nyumba uliyoijenga kwa jasho lako. Nilikuwa naisoma barua yako kama kesi ya njoo-tuishi tu, yaani kukaa pamoja bila ndoa, hadi nikafika kwenye ile sentensi ya ayie. Nitairudia. Tuanze na watoto, kwa sababu tumbo la mtoto halingoji mahakama ya ardhi.

Hilo neno "hatukuoana" halimtui baba mzigo hata chembe. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imeshikilia hivyo hivyo. Ile ya 2001 ndiyo iliyomtwika mama mzigo huo kwanza pale wazazi walipokuwa hawajaoana, na bado nakutana na akina baba wanaozungumza kana kwamba ndiyo inayotumika. Haitumiki tena.

Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Atamwita, na mkisikilizana mtaandika makubaliano ya malezi. Akikaidi, unafungua kesi ya matunzo katika mahakama ya watoto. Usiombe "pesa ya matumizi" kwa jumla. Andika karo, sare, chakula, dawa, nauli, kila kimoja na bei yake na risiti pale ilipo. Andika pia kodi ya chumba mnacholala sasa. Watu wengi husahau hili: makao ni haki ya mtoto kwa Katiba hiyo hiyo, kwa hiyo kodi unaidai kwa ajili ya watoto, uwe mke au usiwe. Jukumu sawa si lazima liwe nusu kwa nusu, maana mahakama hupima kipato cha kila mzazi. Na tafadhali, asipotoa pesa usimzuie kuwaona watoto. Hayo ni mambo mawili, na ukiyachanganya hakimu atakuuliza wewe badala ya kumuuliza yeye.

Sasa nyumba. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja miaka mingi Dagoretti, Nairobi. Mwanamume ndiye aliyekuwa anadai, na mwanamke alikuwa na ndoa nyingine ambayo haikuwa imevunjwa. Majaji walisema ndoa haiwezi kudhaniwa hivi hivi kwa sababu watu wameishi pamoja. Anayedai lazima aonyeshe kwamba wote wawili walikuwa huru kuoana, walikusudia, waliridhia, walikaa muda mrefu, na walijitambulisha mbele ya watu kama mume na mke. Katika kesi hiyo ndoa haikupatikana. Hata hivyo hawakumwacha mdai mikono mitupu. Walisema wawili hao walichangia mali kwa nia moja, basi aliyeishika anaishika kama amana kwa niaba ya wote, wakagawa asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume.

Kwako hiyo ina maana kubwa. Hata ukishindwa kuthibitisha ndoa, mawe na mabati yako hayapotei, mradi uyathibitishe. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miaka ile, daftari la chama linaloonyesha mkopo, risiti za duka la vifaa, na umtafute fundi aliyepokea pesa mkononi mwako. Kisha fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, na uombe kuweka zuio, lile ambalo watu wa ardhi huliita kosheni, ili ploti isiuzwe kabla hujasikilizwa. Hili lifanye wiki hii.

Turudi kwenye ayie. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo tu iliyotolewa inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Haikusema ng'ombe wote wawe wamefika zizini. Ukithibitisha ayie ile ilipokelewa kama mwanzo wa mahari, wewe unaweza kuwa mke, na hapo inaingia Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, ambayo huhesabu hata kulea watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango. Ndoa ya kimila inatakiwa isajiliwe, nayo yenu haikusajiliwa. Atalitaja hilo, na ndiyo sababu mashahidi ni muhimu. Jambo moja linaweza kuangusha hoja hii yote: kama tayari alikuwa na ndoa ya kanisani au ya serikali na mwanamke mwingine. Uliza mapema, hata kama jibu litauma.

Kama alikufungia kwa vipigo au vitisho, niambie. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamlinda pia mtu aliyezaa na mwenzake bila ndoa, na mahakama inaweza kukurudisha ndani ya nyumba hata kama hati si yako.

Huna pesa ya wakili? FIDA, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Usitie sahihi karatasi yoyote watakayokuletea ndugu zake.

Leo jioni mpigie mama. Muulize ayie ilipoletwa ni nani waliokaa sebuleni, nani aliyehesabu zile 20,000, na kama kuna aliyepiga picha.